Flashi ya Pembeni

Maryanne alikuwa darasa la tatu alipomwona baba yake akimvunja mama yake jino kwa mwiko wa ugali. Ilikuwa mchana kweupe, kijijini kwao nje ya Bondo, na chakula kilikuwa bado motoni. Mama alitema damu kwenye jivu, akasuuza mdomo, akapakua, watu wakala. Baadaye jirani alipomuuliza uso umefanya nini, alisema ameteleza mtoni akichota maji. Jirani akasema pole, pole sana mama. Maryanne na mdogo wake Rosa walikuwa wamesimama pale pale wakisikiliza, na siku hiyo wakajifunza kwamba mtu anaweza kupigwa mbele ya macho yako na bado ikawa hakupigwa.

Baba yao, Mzee Oyugi, hakuacha mpaka ugonjwa ulipomnyang'anya nguvu za mkono. Alipokufa alizikwa kwa heshima zote, watu wakasimama mmoja mmoja kusimulia wema wake. Mama naye hakukaa sana akamfuata. Picha iliyowekwa juu ya jeneza lake ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka ikafifia, na mdomo ameufunga kabisa.

Watu hupenda kusema kwamba ndiyo sababu Maryanne alishika kamera. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Anasema alishika kamera kwa sababu shule ilikatika na harusi hazikukatika. Alijifunza kwa mpiga picha mmoja wa Bondo, akahamia Kombewa, akakodi chumba cha mabati kando ya bucha ya Wafula, Mbukusu mmoja mnene, mpole wa maneno, aliyekuwa akikata nyama huku akiimba nyimbo za kanisa. Humo Maryanne akapiga picha za vitambulisho, za watoto wa shule, za wanakwaya, za matanga. Kamera yake ilikuwa ndogo, ya dijitali, ya kuingia mfukoni mwa aproni. Kwa picha za nje juani haikuwa na neno. Taabu ilikuwa ndani ya kanisa. Flashi yake ni kijicho tu, kimekaa karibu na lenzi, na mwanga wake unakwenda moja kwa moja usoni kama mtu anayekumwagia maji. Bibi harusi anang'aa kama amepakwa mafuta ya kupikia, bwana harusi mweusi anashikana na giza la nyuma yake, na nyuso zote zinakuwa bapa kama sahani. Wateja wakaanza kunung'unika kwamba hata simu zao zingeweza hayo.

Basi akaenda Kisumu kwa Wahome, Mkikuyu aliyekuwa na kibanda cha vifaa vya mitumba karibu na stendi, ambaye ndiye aliyemuuzia kamera yenyewe. Wahome alisikiliza, akachakura ndani ya katoni, akatoa kitu kama kipande cha sabuni chenye kioo upande mmoja.

"Hii ndiyo dawa yako, mama. Wazungu wanaiita slevu."

"Slevu ni nini?"

"Mtumwa. Haina waya na haishikani na kamera. Unaiweka kando, kwa dirisha, kwa meza, popote. Iko na jicho hapa mbele. Ikiona flashi ya kamera yako imewaka, na yenyewe inawaka saa hiyo hiyo."

"Hilo jina baya," Maryanne alisema.

"Iite vile unataka. Kazi yake ni moja."

Akaiita flashi ya pembeni. Katika harusi ya kwanza aliyoipeleka, iliwaka kila mara, kanisa zima likashtuka na watoto wakashangilia, lakini picha zilipotoka zilikuwa bapa vile vile, kana kwamba haikuwako. Alirudi Kisumu na hasira zake zote. Wahome akacheka, akaigeuza, akamwonyesha kiswichi kidogo mgongoni. Kamera za aina hiyo, alimweleza, huwaka mara mbili kwa kufuatana haraka mpaka jicho la mtu lisitambue: mara ya kwanza kidogo, kupima mwanga, mara ya pili ndiyo ya picha. Flashi ya pembeni ilikuwa inadanganyika na ile ya kwanza, inamaliza nguvu zake zote, na picha inapopigwa yenyewe imeshazima. Akasukuma kiswichi ili ingoje ya pili.

Tangu hapo kazi ya Maryanne ikabadilika. Aliiweka flashi ya pembeni juu ya kinara au kwenye ukingo wa dirisha, akabandika kipande cha karatasi nyeupe kwenye flashi ya kamera ili isimmeze mtu, na nyuso zikaanza kuwa na mashavu, pua, mashimo ya vicheko. Akagundua pia kwamba mwanga wa mbele unafunika na wa pembeni unafunua. Bibi harusi mwenye chunusi alimsogezea flashi mbele. Mzee aliyetaka makunyanzi yake yaonekane, alimwekea kando kabisa. Jina lake likasikika eneo lote la Seme, na likavuka mpaka Rarieda.

Huko Rarieda, ufukweni Luanda Kotieno, ndiko alikoolewa Rosa. Mumewe, Okello, alikuwa na mashua za kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, na kicheko kikubwa, mtu wa kununulia kila mtu chai. Kwa miaka ya mwanzo Rosa alipokuja Kombewa na jicho limevimba, alisema ameteleza. Maryanne hakumuuliza wapi, maana neno hilo walilijua wote wawili lilikotoka.

Kisha Rosa akaanza kuuza omena zake mwenyewe kwa mnunuzi wa Kisumu, bila kupitisha kwa mumewe. Okello aliposikia, hakugomba. Alingoja asubuhi, watu wako kazini, akamfunga mikono kwa kamba ya nyavu kwenye nguzo ya jiko, akakunja waya wa stima mara mbili, akampiga nao mgongoni mpaka yeye mwenyewe akahema. Dalmas, mmoja wa wavuvi wake, alikuwa nje akianika nyavu. Alisikia yote. Alisimama, akatazama mlango wa jiko, kisha akaendelea kuanika.

Okello alipokwenda gatini kupokea mizigo ya feri, Rosa alifungua kamba kwa meno. Alitembea, akapata bodaboda, akafika kwenye kituo kidogo cha polisi. Askari aliyekuwa zamu hakuwa mkali. Alimpeleka chumba cha ndani pamoja na askari wa kike, naye huyo akampiga picha ya mgongo kwa simu, flashi imewaka. Wakaitazama pamoja.

"Mama, sitaki kukudanganya," yule wa kike alisema. "Mimi kwa hii picha sioni kitu. Ngozi ni sawa tu. Hakimu akiona hii atasema tumetunga kesi."

Rosa akafika Kombewa amejifunga leso juu ya blauzi iliyogandia mgongoni. Hakulia. Alisema, "Dada, funga mlango."

Maryanne alifunga, akalowesha blauzi kwa maji ya vuguvugu, akaibandua polepole. Kwa macho aliona kila kitu: mistari miwili miwili iliyokwenda sambamba, imevimba kama mishipa ya jani, mingine imepasuka. Akachukua kamera, akapiga moja kwa flashi yake ya kawaida. Kwenye kioo cha kamera mgongo ukatokea laini, unang'aa kama chungu kilicholowa. Madoa mawili matatu mekundu, basi. Akaelewa kwamba yule askari alisema kweli.

Akashusha flashi ya pembeni, akaiweka juu ya kigoda karibu na ubavu wa Rosa, chini kidogo, ili mwanga upite juu ya ngozi ukiikwaruza. Akaziba flashi ya kamera kwa karatasi, ibaki cheche tu ya kuiamsha ile nyingine.

"Usipumue."

Zikawaka. Safari hii kila uvimbe ulikuwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli. Mistari ilisimama mgongoni kama matuta ya shamba. Alama ya kamba kwenye vifundo vya mikono ilikuwa na mikunjo ya kamba yenyewe. Maryanne alipiga picha moja, akapiga nyingine, akazunguka, akasogeza kigoda, akapiga tena, na mahali fulani katikati ya kazi hiyo akagundua kwamba anatukana, kwa sauti, kwa Kijaluo, maneno ambayo hajawahi kuyasema. Hakuwa akimtukana Okello peke yake. Rosa alilaza kichwa kwenye magoti. Walipomaliza walikwenda hospitalini, akasafishwa vidonda, akajaziwa P3, fomu ya polisi ya majeraha, na kesho yake picha zikawa mezani kwa polisi.

Okello alikamatwa, akapelekwa mahakamani, akaachiliwa kwa dhamana. Alikuwa ameziona picha zile. Inasemekana ndizo zilizomuuma kuliko pingu, kwamba ufukwe mzima sasa ungejua. Akaamini kwamba kamera ikivunjwa picha zitakufa pamoja nayo.

Alikuja Kombewa siku ya soko, pamoja na Dalmas. Rosa alikuwa amekwenda kusaga mahindi. Maryanne alikuwa peke yake, anakata picha za pasipoti kwa mkasi, mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Shemeji," Okello alisema, na alikuwa anatabasamu. "Nasikia siku hizi unapiga bibi za watu picha uchi."

"Toka, Okello."

"Iko wapi?"

"Nimesema toka."

Alimwambia Dalmas asimame mlangoni. Kisha akararua pazia la nyuma, lile la rangi ya samawati ambalo watu husimama mbele yake. Akainua benchi akalipiga kwenye kabati. Maryanne alikuwa na kamera mfukoni mwa aproni, akaushika mfuko, na kwa kuushika akamwonyesha ilipo. Okello alimkamata nywele akamsukuma uso kwenye kioo ambacho wateja hujichania. Kioo kilipasuka, paji la uso likapasuka nacho, damu ikamwingia machoni. Alihisi mkono wake wa kulia unapindwa, unalazwa kwenye ukingo wa meza, na uzito wa mtu mzima ukashuka juu yake. Mfupa ulitoa sauti. Maryanne baadaye alisema sauti ndiyo ilikuwa mbaya, maumivu yalichelewa.

Mkono wa kushoto ulikuwa bado juu ya meza. Ulipapasa ukakuta mkasi. Hakulenga popote. Aliusukuma nyuma kwa nguvu zake zote, ukaingia kwenye paja la Okello mpaka kwenye vidole vyake vilivyoushika, akauchomoa, akausukuma tena. Okello alinguruma kama ng'ombe. Dalmas aliona damu, akaachia mlango, akakimbia akipita katikati ya vibanda vya nyanya bila kuangalia nyuma.

Wafula aliingia na aproni yake ya bucha. Hakuuliza. Alimshika Okello shingoni, akamburuta mpaka nje, akamtupa kwenye vumbi. Huenda mambo yangeishia hapo. Lakini kulikuwa na soko zima pale nje, na mtu mmoja, hakuna aliyejua ni nani, akapiga kelele: "Mwizi!"

Neno hilo linatosha. Watu walioacha viazi vyao na simu zao na watoto wao hawakutaka maelezo. Teke la kwanza lilitoka kwa mwanamume ambaye Maryanne hakuwahi kumwona. La pili, la tatu, halafu hayakuwezekana kutofautishwa. Mwanamke mmoja alivua kiatu akampiga nacho usoni. Mawe yakaanza. Okello alijikunja, mikono juu ya kichwa, akilia kwamba yeye si mwizi, yeye ana mashua, waulizeni Luanda Kotieno. Kutoka kwa mafundi wa pikipiki mtu alikuja akibingirisha tairi kuukuu.

Maryanne alikuwa ameketi kizingitini, mkono wake ukining'inia vibaya. Aliona yote. Na akafurahi. Hili hakulificha kwa yeyote aliyemuuliza. Alifurahi kuona mtu yule akijikunja, na kila jiwe lilipotua alilihisi kama maji baridi kooni.

Ndipo Rosa akatokea na unga wake kichwani. Alisimama nyuma ya watu, akachungulia, akamtambua mumewe kwa shati. Aliutua mfuko wa unga taratibu, akaangalia usimwagike. Akainama akaokota jiwe la kujengea, zito la kuinuliwa kwa mikono miwili, na watu wakampisha. Okello alimwona. Alitoa mkono mmoja usoni, akamwambia, "Rosa," kama mtu anayemwita aje amsaidie.

Rosa akaliachia jiwe kutoka kifuani mwake mpaka mdomoni mwa Okello.

Kelele zilikatika ghafla. Mawe ya mwanzo watu walikuwa wameyaona kama mchezo. Hili lilikuwa jambo lingine. Okello alipindua kichwa, akatema meno, taya lake limekwenda upande. Rosa alisimama mikono imelegea, vumbi la unga kwenye nywele zake. Kisha kijana mmoja akasogea na chupa ya petroli na mambo yakataka kuanza upya.

Maryanne aliinuka. Hakujua atasema nini. Alipita katikati ya watu, damu usoni, mkono uliovunjika ameushika kwa mwingine, mpaka akasimama miguu yake ikimgusa Okello.

"Mnamchoma nani?" aliuliza. "Mnajua jina lake?"

Mwenye tairi akalishikilia tairi lake lisibingirike.

"Huyu ni shemeji yangu. Amenivunja mkono, mnauona. Mkimchoma, nyinyi mtaenda nyumbani mle. Atakayefungwa ni huyu dada yangu, kwa sababu yeye ndiye mnayemjua. Toeni hiyo chupa."

"Mama, kaa kando," kijana alisema.

"Nichome na mimi basi."

Wafula ndiye aliyemaliza. Alimwinua Okello kwa mikono yote miwili kama anavyobeba nusu ya mbuzi, akamwingiza buchani, akafunga mlango wa chuma, akakaa mbele yake na panga la kukatia mifupa mapajani. Aliimba taratibu mpaka polisi walipofika. Mwenye tairi akalichukua tairi lake, akarudi nalo kazini.

Mkono wa Maryanne ulifungwa plasta kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Alishonwa paji la uso. Okello alilazwa huko huko Kombewa, mguu mmoja kwa pingu kitandani, taya limefungwa kwa waya. Na kutoka kitandani hapo, kwa kuandika, akashitaki: si watu wa soko, ambao hakuwajua, wala Maryanne, ambaye yeye ndiye aliyemvamia, bali Rosa.

Siku chache baadaye mama mmoja mzee alisimama mlangoni mwa studio iliyobaki mabati na vipande vya kioo. Alikuwa Mama Penina, aliyemzaa Okello. Alikuwa amesafiri kutoka Luanda Kotieno peke yake.

"Binti yangu," alisema, "nimekuja na aibu. Polisi wanataka picha za mdomo wa mtoto wangu. Nimeenda kwa wengine, hawataki kuingia kwa hii maneno. Watu wanasema ni wewe unajua kuonyesha."

Rosa alikuwa ndani, akifagia. Aliacha ufagio.

"Haendi," alisema.

"Rosa, mimi ni mama yako pia."

"Haendi, mama. Mkono wake uko namna hiyo kwa sababu ya mtoto wako."

Mama Penina hakubisha. Aliketi chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha, kama mtu aliye tayari kungoja. Maryanne alimvuta mdogo wake nyuma ya kile kilichobaki cha pazia.

"Dada, kama lazima uende," Rosa alimnong'oneza, "enda na upige vile yule askari alinipiga mimi. Flashi ya mbele peke yake. Hakuna mtu ataona kitu. Si wewe unajua?"

"Najua."

"Basi."

Maryanne alikwenda akiwa na nia hiyo hasa. Kamera ilikuwa imepona, ina mkwaruzo tu. Flashi ya pembeni aliichukua kwa mazoea, akaiacha ndani ya mkoba. Kule wodini Okello alimtazama akiingia, macho yakamtoka, akajaribu kujivuta nyuma kwenye mto. Harufu yake ilikuwa ya dawa na ya mdomo usiosafishika. Maryanne alishika kamera kwa mkono wa kushoto, akaiegemeza kwenye plasta, akapiga. Moja. Nyingine. Kwenye kioo uso ulikuwa umejaa kidogo, unang'aa. Mishono ilionekana kama nywele. Ungesema ni mtu mwenye jino linalomuuma. Moyo wake ukatulia. Akaanza kufunga mkoba.

"Hebu nione," Mama Penina alisema.

Akamwonyesha. Mama mzee aliisogeza kamera karibu na macho, akamtazama mwanawe kitandani, akaitazama tena.

"Mbona haionyeshi kitu?"

Maryanne alifungua mdomo kusema kamera ndiyo ilivyo. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Mama yule alikuwa anamtazama bila hila yoyote, anangoja aambiwe, naye angeamini chochote. Maryanne akaona kwamba anataka kumwambia mtu kwamba hakuona alichokiona. Kisha akafungua tena mkoba.

"Mama, mimi niko na mkono mmoja. Utanishikia hii hapa, karibu na sikio lake. Hapo. Usiitikise."

Mama Penina aliishika flashi ya pembeni kwa mikono yote miwili. Kamera ikatoa cheche, nayo ikalipuka mikononi mwake, akashtuka lakini hakuiachia. Walipotazama, taya lilikuwa mahali pasipo pake, nyaya zimekaza nyama, alama za mawe zimetapakaa shavuni, kila moja na kivuli chake. Mama mzee alijishika kifua. Maryanne alipiga nyingine, kwa haki, pande zote, kama alivyompiga Rosa.

"Na za Rosa," Mama Penina aliuliza, "ziko humo ndani?"

"Ziko."

"Nionyeshe."

Okello alitoa sauti kooni na kuutikisa mguu wenye pingu. Hakuna aliyegeuka. Maryanne alirudisha picha nyuma mpaka alipofika kwenye ule mgongo, akamwachia mama kamera. Mama Penina alitazama muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya kioo, kando ya mstari mmoja, mpaka mwisho wake.

"Huu ni waya umekunjwa," alisema. "Baba yake alikuwa akikunja hivi." Akajigusa bega, nyuma, mahali ambapo mkono haufiki vizuri. "Mimi hapa sijawahi kupaona. Nasikia tu kwa kidole nikioga."

Alimrudishia Maryanne kamera. Akamfunika mwanawe shuka mpaka kifuani, akatoka nje, akaketi kwenye nyasi za hospitali mpaka jua lilipoinama.

Polisi walipelekewa picha zote, za Okello na za Rosa, na aliyezipeleka ni Mama Penina mwenyewe. Dalmas alitafutwa, akapatikana kwao, akasimama kizimbani akasema alichokisikia akianika nyavu, na kwamba aliendelea kuanika. Okello alifungwa. Rosa alikiri kosa lake la jiwe. Hakimu alizitazama picha za mgongo, akazitazama za taya, akampa kifungo cha nje. Kwa miezi kadhaa Rosa akafagia uwanja wa ofisi ya chifu, watu wakipita na kumsalimia au kutomsalimia. Wafula hakushitakiwa na mtu. Kijana wa petroli alibaki sokoni, na hata leo anamsalimia Maryanne kwa heshima, "Shikamoo mama," naye anaitikia.

Mkono ulipona vibaya. Haunyooki wote, na siku za mvua unauma. Maryanne alijifunza kubonyeza kamera kwa kushoto. Watu wakaanza kumjia kutoka Bondo, kutoka Asembo, kutoka Kisumu mjini, si kwa harusi. Wanawake wengi, wanaume pia, mara moja mzee aliyepigwa na wanawe kwa ajili ya shamba. Hakuitafuta kazi hiyo na haipendi. Siku nyingine akimaliza huenda nyuma ya chumba akatapika, kisha akarudi kukata picha za wanafunzi.

Rosa alihamia Kisumu kuuza omena. Kwa muda mrefu hakupiga simu wala kupokea. Alikuwa ameiona mahakamani picha ya taya ikipitishwa, akajua imepigwa vipi na imepigwa na nani. Alipokuja hatimaye, alikuja bila kutangaza, akaketi kwenye benchi jipya, akatazama ukuta.

"Ungepiga tu ile ya kawaida," alisema.

"Nilipiga."

"Halafu?"

"Mama yake akasema haionyeshi."

"Si ungesema kamera imeharibika?"

"Maneno hayo yalikuwa karibu yanitoke."

Nje Wafula alikuwa anapasua mifupa, wimbo wake ukikatika kila panga liliposhuka.

"Mimi sijutii lile jiwe," Rosa alisema. "Nimejaribu. Kanisani wananiambia nijute. Siwezi."

"Nilikuwa nimekaa pale mlangoni," Maryanne alisema. "Nilitaka ulitupe. Nilikuona ukiinama, nikasema ndani yangu, chukua kubwa."

Walitazamana. Rosa ndiye aliyeanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya blauzi, na Maryanne akamshika kwa mkono mmoja ulionyooka na mwingine ambao haunyooki. Rosa alilala hapo, na asubuhi akaondoka kuwahi soko la Kisumu.

Maryanne alipofungua mlango, kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa wanafunzi wawili waliotaka picha za kitambulisho, na mama mmoja aliyejifunika leso mpaka machoni. Aliwaambia wanafunzi wasubiri, akaanza na mama.